Mafuta na kutu: Mshenga mbaya jikoni mwetu

Kabla hujaendelea kusoma, nenda jikoni ukapapase shingo ya chupa au dumu lako la mafuta ya kupikia. Papasa pia ukuta ulio karibu na jiko. Bila shaka utakuta kitu kinachonata kama gundi, ambacho maji matupu hayakitoi na hata sabuni hukitoa kwa tabu. Wengi hudhani ni vumbi lililoshikana na mafuta. Vumbi limo, lakini ule mnato wenyewe ni mafuta yaliyogeuka yakawa kitu chengine. Mafuta mabichi hayanati.

Safu yetu ya leo inahusu mgeuko huo. Tunajua vizuri kuwa maziwa huchacha, wali wa jana huvunda na samaki huoza. Lakini mafuta tunayachukulia kuwa ni kitu kisichokufa. Yakiwa meusi huchujwa, yakipungua huongezwa mapya juu yake, na karai lenye kutu hupanguswa kwa kitambaa kazi ikaendelea. Ukweli ni kwamba mafuta nayo hufa, na yapo mambo yanayoharakisha kifo chake. Moja kati ya hayo ni kutu, ambayo katika kisiwa chetu chenye upepo wa chumvi haina msimu.

MAFUTA HUHARIBIKA VIPI?

Mafuta yote tunayokula, yawe ya nazi, ya alizeti, ya mawese au ya zeituni, yamejengwa kwa namna moja. Asidi za mafuta tatu zimefungwa pamoja na kitu kiitwacho gliserini, na kifungo hicho wanakemia hukiita esta. Zinazotofautiana ni hizo asidi zenyewe. Nyengine zimeshiba, yaani hazina nafasi ya kupokea kitu chengine. Nyengine hazijashiba, zina sehemu dhaifu katika mnyororo wake, na hapo ndipo oksijeni ya hewani inapopata pa kuingilia.

Mafuta ya nazi yana asidi zilizoshiba kwa kiasi cha asilimia 90, ndiyo maana hukaa muda mrefu. Alizeti na soya yana sehemu dhaifu nyingi. Asidi ya mafuta yenye sehemu dhaifu mbili huungana na oksijeni kwa kasi ya mara 10 au zaidi kuliko ile yenye sehemu moja tu. Hata hivyo, ndugu msomaji, usielewe kuwa mafuta ya nazi ni ruhusa ya kula bila kipimo. Mafuta yaliyoshiba yakizidi hupandisha lehemu mbaya katika damu. Kudumu kwake kabatini ni jambo moja, na yatakavyoifanya mishipa yako ni jambo jengine.

Oksijeni ikishaingia, kwanza huzaliwa vitu viitwavyo peroksidi. Hivi havina harufu wala ladha, kwa hiyo mafuta huweza kuwa yameanza kuharibika na pua yako isijue. Kisha peroksidi huvunjika, na vipande vyake ndivyo vyenye ile harufu kali ya mafuta yaliyochacha, inayofanana na rangi ya mafuta ya kupaka au samaki wa siku nyingi. Vipande hivyo huenda kushambulia mafuta mazima yaliyo jirani, mfano wa cheche iliyodondoka kwenye paa la makuti. Haihitaji cheche ya pili.

KUTU INAINGIAJE?

Kutu ni oksaidi ya chuma, yaani chuma kilichokwishaungana na oksijeni na maji. Katika mafuta, kutu hufanya kazi ambayo wanasayansi huiita ya kichocheo. Kichocheo tunaweza kukifananisha na mshenga. Mshenga huenda nyumba hii na nyumba ile, huwaunganisha watu wawili, na ndoa ikishafungwa yeye hakuolewa wala hakuoa. Anaondoka kama alivyokuja na kwenda kupeleka posa nyengine.

Chuma kina hali mbili na huhama kutoka moja kwenda nyengine kwa wepesi. Kikikutana na peroksidi huivunja, kikabadilika hali. Kikikutana na peroksidi nyengine huivunja vilevile, kikarudi hali yake ya mwanzo. Hakiishi wala hakichoki. Ndiyo maana kiasi kidogo sana kinatosha kuharibu mafuta mengi. Isitoshe, mafuta yaliyokaangiwa vyakula vyenye maji huanza kutoa asidi, na asidi hizo huyeyusha kutu kidogo kidogo na kuiingiza ndani ya mafuta. Ukichuja kwa kitambaa unatoa makombo, lakini chuma kilichoyeyuka hukitoi.

Shaba ni mshenga mkali zaidi kuliko chuma. Tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, Codex Alimentarius, iliyoundwa na mashirika ya FAO na WHO mwaka 1963, imeweka kwamba mafuta ya kula yaliyosafishwa yasizidi miligramu 1.5 za chuma katika kilo moja, na kwa shaba yasizidi miligramu 0.1. Utaona kuwa kikomo cha shaba ni kidogo mara 15. Viwanda vingi huweka asidi ya sitriki, aina ileile iliyomo ndani ya limau, ili kuyakamata madini haya yasifanye ushenga wake. (Usikamulie limau ndani ya dumu lako! Maji yake yataharibu zaidi.)

Hapa tuweke jambo moja sawa. Kutu yenyewe ikiingia kidogo kwenye chakula si sumu ya kukuangusha, na kupika mchuzi katika chungu cha chuma huongeza madini ya chuma mwilini. Tatizo tunalolizungumza ni kile ambacho kutu inayafanyia mafuta.

MAFUNDI WA NUNGWI WANALIJUA

Jambo hili tunaloliogopa jikoni, mafundi wetu wamelitumia kwa faida tangu zamani. Chombo cha mbao, liwe jahazi la Malindi au ngalawa ya Nungwi, hupakwa sifa, yaani mafuta ya ini la papa na samaki wengine, katika sehemu iliyo juu ya maji. Mafuta hayo yana sehemu dhaifu nyingi. Yakipigwa na jua na hewa huungana na oksijeni, hukauka na kuushika ubao usinywe maji. Harufu ya sifa anaijua kila aliyepita bandarini, na sehemu kubwa ya harufu hiyo ndiyo kuchacha tunakozungumzia.

Mafuta ya kitani yanayopakwa mbao na milango ya nakshi ya Mji Mkongwe nayo hukauka kwa njia hiyo. Zamani wachanganya rangi wa nchi mbalimbali waliyachemsha pamoja na oksaidi ya risasi ili yakauke upesi, na siku hizi hutumika madini kama kobalti na manganizi. Yaani mshenga anaitwa kwa makusudi. Kwa hiyo, mafuta ya kitani yanayouzwa dukani kwa ajili ya mbao hayaliwi kabisa, hata kama chupa yake inavutia, na yasikae kabati moja na mafuta ya kula.

Lipo onyo jengine hapa. Mafuta yanapoungana na oksijeni hutoa joto. Matambara yaliyopakia mafuta ya kitani, yakifinyangwa na kurundikwa pembeni, joto lake halina pa kutokea na huweza kuwaka moto yenyewe bila kiberiti. Mwezi Februari 1991, jengo la ghorofa 38 la One Meridian Plaza mjini Philadelphia, Marekani, liliungua kutokana na matambara ya namna hiyo, na wazimamoto 3 walifariki. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zimebebwa na boriti, na njia zake gari la zimamoto halipiti kwa urahisi. Ukimaliza kupaka mlango, tandaza matambara nje moja moja mpaka yakauke, au yatie katika ndoo ya maji.

MADHARA YAKE MWILINI

Sisi matabibu tunaulizwa mara nyingi: "Kwani mafuta ya jana yana ubaya gani, mbona tumeyala miaka yote?" Jibu lina sehemu tatu.

Kwanza, mafuta yaliyochacha hupoteza vitamini. Vitamini E, iliyomo ndani ya mafuta yenyewe, ndiyo mlinzi wake, na mlinzi huuawa kwanza. Vitamini A nayo huharibika. Huko Tanzania Bara kanuni za mwaka 2011 zilifanya kuwa lazima mafuta ya kula yaongezwe vitamini A, kwa kuwa upungufu wake hudhuru macho na kinga ya watoto. Mafuta yaliyoachwa juani huweza kukufikia vitamini hiyo ikiwa imepungua sana, ingawa lebo bado inaisema.

Pili, moshi wa mafuta yaliyochoka una kitu kiitwacho akrolini, ambacho huwasha macho na koo. Mwenye pumu akikaa katika jiko finyu lenye moshi huo anaweza kubanwa. Waathirika wakubwa ni akina mama na mabinti wanaokaanga vitu vya futari saa nzima kila siku ndani ya mwezi wa Ramadhani.

Tatu, kuna suala la mishipa na shinikizo la damu. Watafiti wa Malaysia waliwalisha panya mafuta ya mawese na ya soya yaliyochemshwa mara 5 na mara 10, wakaona shinikizo la damu likipanda na mishipa ikidhurika. Panya si binadamu, lakini katika mji wa Pizarra, kusini mwa Hispania, watafiti walichukua mafuta kutoka majikoni mwa watu na kupima shinikizo la damu la wenyeji. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2003, yalionesha kuwa wanaotumia mafuta yaliyochakaa zaidi ndio waliokuwa na shinikizo la damu la juu zaidi kwa wingi. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi peke yake kuwa mafuta ndiyo sababu, ila unatosha kumfanya mwenye akili achukue tahadhari. Nchi kadhaa za Ulaya huwalazimisha wauzaji kumwaga mafuta ya kukaangia yakifikia uchakavu wa asilimia 24 hadi 27.

KARAI, CHUMA CHA CHAPATI NA SUFURIA YA SHABA

Wapo watakaouliza, je, tutupe makarai yetu? La. Kuna tofauti kubwa kati ya weusi na wekundu. Karai au chuma cha chapati kilichozoeshwa mafuta huwa na ngozi nyeusi, laini, inayong'aa kidogo. Ngozi hiyo ni mafuta yaliyokauka na kushikana na chuma, kama vile sifa inavyoshika ubao, na inakinga chuma kisikutane na chakula wala maji. Iache. Kinachotakiwa kuondolewa ni wekundu, unga wa kutu unaobaki kidoleni.

Basi usilikwangue karai kwa mchanga likang'aa kisha ukaliacha limelowa usiku kucha. Asubuhi utalikuta jekundu, hasa wakati wa masika. Lioshe, likaushe juu ya moto, lipake mafuta kidogo sana, kisha liweke pakavu. Likishakuwa jekundu, sugua kutu yote itoke, kausha, paka mafuta membamba na ulipashe moto mkali mpaka weusi urudi.

Sufuria kubwa za shaba za pilau ya harusi ni lazima ziwe zimepakwa bati jeupe kwa ndani. Ukiona wekundu wa shaba umetokeza, usipikie mpaka fundi azipake tena. Sufuria za alumini na za chuma kisichoshika kutu hazina ushenga huu mkubwa.

MAFUTA YA HABASODA NA ZEITUNI

Nyumba nyingi za Waislamu huweka mafuta ya habasoda na ya zeituni, na huyatunza kwa heshima kubwa kwa kuyaweka dirishani au juu ya kabati la vioo yaonekane. Hapo ndipo yanapodhurika. Zaidi ya nusu ya mafuta ya habasoda ni asidi ile yenye sehemu dhaifu mbili, na zeituni ambayo haikusafishwa ina rangi ya kijani ambayo ikipigwa na mwanga huchochea uharibifu. Nunua chupa ndogo, ya rangi ya giza, iliyofungwa vizuri, na uiweke kabatini penye baridi. Kinachokusudiwa kuwa tiba kisinywewe kikiwa kimechacha.

DAGAA NAO WANA MAFUTA

Wanaochemsha na kuanika dagaa huko Kama na Mangapwani wanalijua tatizo hili kwa jina jengine: dagaa kugeuka rangi ya manjano na kuwa wakali kooni. Mafuta ya dagaa ni dhaifu kuliko hata ya alizeti. Dagaa akichemshwa katika pipa lenye kutu, kwa maji ya chumvi, kisha akaanikwa muda mrefu juani, maadui wote wamekutana. Chombo kisicho na kutu na kuhifadhi penye giza huokoa bidhaa na soko lake.

KARAFUU JE?

Allah ameijaalia ardhi yetu mti wenye dawa ya jambo hili. Karafuu ina yujenoli, ambayo huzuia oksijeni isiendelee kushambulia mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, kama yanayokamuliwa katika kiwanda cha Wawi, Pemba, ni hiyo yujenoli. Karafuu chache katika pilau au nyama ni jambo jema. Lakini usichukue mafuta halisi ya karafuu ukayamimina katika mafuta ya kupikia, wala usimnyweshe mtoto. Kijiko kimoja tu kinaweza kuliharibu ini la mtoto mdogo na kumtia katika hatari ya maisha.

DALILI NA MAMBO YA KUFANYA

Yamwage mafuta ukiona moja kati ya haya: harufu ya rangi au ya samaki wa kale, povu lisilotulia hata chakula kikitolewa, uzito kama wa asali, weusi, au moshi unaotoka mapema kuliko kawaida.

Na ili yasifike huko, ndugu msomaji, shika haya:

1. Usiongeze mafuta mapya juu ya mabaki. Ya zamani huyaharibu mapya mara moja. Osha chupa, kausha kabisa, ndipo ujaze.

2. Mafuta ya kupima tunayonunua madukani yaangalie yanatoka wapi. Kama pipa lina kutu mdomoni, au bomba lake ni la shaba, nunua kwengine. Usitumie dumu lililokuwa na petroli au dawa.

3. Weka mafuta mbali na jiko na mbali na dirisha. Kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, kasi ya kuharibika karibu huongezeka maradufu.

4. Kaanga kwa joto la wastani, nyuzi 160 hadi 180. Mafuta yakitoa moshi umeshapita kiasi. Vikaushe viazi na samaki kabla ya kuvitia, na chumvi itie baada ya kukaanga.

5. Ukimaliza, yaache yapoe, yachuje, na uyahifadhi katika chupa safi yenye kifuniko. Usiyalaze ndani ya karai la chuma mpaka kesho. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwani unawalaza mafuta, hewa na mshenga chumba kimoja.

6. Mafuta uliyokaangia samaki au nyama yatumie mara moja au mbili tu. Yaliyochakaa usiyamwage katika sinki wala mtaroni. Yachanganye na majivu au unga wa mbao, kisha yatupe pamoja na taka.

Ama kwa ndugu zetu wauza chipsi, samaki na bajia kuanzia Forodhani hadi Darajani na vijijini, tunawaelewa kuwa mafuta ni ghali na faida ni ndogo. Lakini kuyatunza mafuta pia ni faida: karai lisilo na kutu, joto la wastani na kuchuja makombo kila mara huyafanya mafuta yadumu zaidi kwa halali. Mteja anayekuja kwako haoni kilichomo karaini. Ameiweka afya yake mikononi mwako, na hiyo ni amana. Muuzie kile ambacho ungempa mwanao akala.

Na wewe mnunuzi usione haya kulitazama karai kabla hujatoa pesa. Ukiona mafuta meusi yanatoa povu, sema ahsante kwa upole na uende kwa mwengine. Wateja 10 wakifanya hivyo jioni moja, kesho yake karai litakuwa na mafuta mapya.

Tukutane toleo lijalo, inshaallah. Wabillahi tawfiq.